Mizizi Haitaki Nyongeza

Mama yangu alikuwa muuza dagaa pale soko la Katonga, na mkono wake ulikuwa haujui kusimama. Mteja akinunua bakuli, mama analijaza mpaka dagaa wanafanya kilima, wengine wanaporomokea mchangani. Anamimina kwenye mfuko wa mteja. Halafu ule mkono unarudi kwenye turubai, unachota konzi nyingine, na mama anasema, "Na hii ya mtoto." Hata mteja awe padri, atapewa ya mtoto. Ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyetoa nyongeza pale, dagaa wake wawe wanang'aa kama sindano mpya, atakaa nao mpaka wakutane na mvua.

Siku moja alikuja mwanamke mgeni, akapanga dagaa wake karibu na mama. Akauza bakuli la kwanza, akafuta mikono kwenye khanga, akakaa. Mteja hakuondoka. Alisimama na mfuko wake wazi, anaangalia ule mkono. Anaangalia tu. Mwisho akauliza kwa sauti, "Dada, mkono umekufa ganzi?" Wauzaji wote waliangua kicheko. Kesho yake yule mgeni alikuwa anatoa nyongeza hata kwa waliokuja kuuliza njia ya Ujiji.

Nawaandikia haya nyinyi vijana mlioniuliza juzi hapa Katubuka, kwamba babu, eti kweli ulikuwa unalipwa kuosha mizizi? Ndiyo. Nililipwa kuosha mizizi, nikajenga nyumba kwa kuosha mizizi. Na habari ya dagaa siyo kwamba nimepotea njia. Shikeni huo mkono wa mama, msiuachie. Tutaukuta mbele, uko shambani.

Shule niliishia darasa la nne. Kilichonipa kazi ni vidole. Nilikuwa Ujiji natengua nyavu zilizoshikana, kazi ambayo mwenye haraka huimaliza kwa kisu na mwenye nyavu huimaliza kwa matusi. Mimi nilikuwa natengua bila kukata uzi. Akaja mama mmoja mtaalamu wa kilimo, mzaliwa wa Ujiji hapohapo, Bi Zuhura, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni na kufungua viwanja vya majaribio ya maharage. Alisimama ananitazama muda mrefu, nikadhani anataka samaki.

"Shikamoo kaka," akasema. "Kama una subira ya kutengua huu wavu, utaweza kutoa mzizi udongoni usiukate?"

Nikamjibu, "Mzizi wa nini?"

"Wa haragwe."

Nilicheka. Mke wangu nilipomwambia jioni, hakucheka, aliuliza, "Wenzako wanaosha magari, wewe unaosha mizizi. Na mzizi ukishaoshwa unakwenda wapi?" Tangu hapo akanipa jina la Mizizi, watoto wa mtaa wakalidaka, na nyinyi wenyewe mnaniita Babu Mizizi mkidhani ni la uganga. Siyo la uganga. Ni la kazi, na ninalivaa kama kofia ya sikukuu.

Sasa sikilizeni, maana kazi hii ina siri zake na wengi hawazijui. Haragwe ukiling'oa kwa kuvuta shina, umeshaharibu. Utapata mzizi mkavu uliochanika, na kile unachokitafuta kimebaki chini. Chimba kuzunguka, mbali kidogo na shina, ingiza jembe la uma chini kabisa, inua bonge zima la udongo kama unavyoinua mtoto aliyelala. Tumbukiza kwenye beseni la maji. Kisha usifanye kitu. Hapo ndipo vijana wanaposhindwa, hapo kwenye kutofanya kitu. Acha maji yaingie, udongo uachie wenyewe. Ndipo uanze kutikisa taratibu juu ya chekeche, ili kitakachodondoka kidondokee humo.

Kinachotafutwa ni vinundu. Ni vitu vidogo vya mviringo vilivyong'ang'ania mzizi, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Ndani yake wanaishi wadudu wadogo wasioonekana. Bi Zuhura alikuwa ananisahihisha kila siku, "Siyo wadudu, kaka Hamisi, ni bakteria," nami namjibu ndiyo, halafu nasema wadudu. Hao wadudu wanakamata hewa na kuigeuza mbolea, mmea nao unawalipa kwa sukari. Wapangaji na mwenye nyumba, na kodi inalipwa pande zote mbili.

Ukitaka kujua kama wanafanya kazi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu-waridi kama ufizi wa mtoto, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, mpangaji amelala. Bi Zuhura alisema ile rangi ina undugu kabisa na rangi ya damu yetu. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Haragwe lina damu! Nilimwambia mke wangu, akasema, "Basi ndiyo maana yanatutoa jasho kuyapika."

Na tahadharini na vinundu vya uongo. Mwanzoni kabisa timu yetu nzima ilishangilia mzizi mmoja uliojaa mavimbe, tukapiga vigelegele, mwenzetu mmoja akaanza kuimba. Bi Zuhura akaja, akalisugua vimbe moja kwa kidole, halikutoka. Akatuambia kinundu cha kweli kimekaa ubavuni mwa mzizi, ukikisugua kinabanduka. Kisichobanduka ni mzizi wenyewe umevimba kwa minyoo ya udongoni. Tulikuwa tumeshangilia ugonjwa. Uimbaji ulikatika hapohapo.

Hayo yalikuwa ya utangulizi, sasa nije kwa Mama Bukuru.

Mama Bukuru alikuwa mjane, mama wa mapacha Bukuru na Butoyi, ana shamba mlimani nyuma ya Mwandiga. Udongo wake mwekundu, umelimwa tangu enzi za baba mkwe wake. Maharage yalikuwa yanatoka ya njano, mafupi, yana haya. Shemeji yake, kaka wa marehemu, tulimwita Mzee Bigiri. Naye alikuwa anamwambia kila msimu, "Shamba limechoka, mwanamke. Tupande michikichi." Msimdhanie mtu mbaya. Michikichi yake mwenyewe ilikuwa mizuri, mawese yake mekundu yanachuruzika, na watu walimheshimu. Lakini nyinyi ni watoto wa Kigoma, mnajua: maharage ni ya msimu, mchikichi ni wa maisha. Anayepanda mchikichi kwenye shamba amepanda na mpaka. Mizizi ya Bigiri ikishaingia pale, Bukuru na Butoyi wangekuwa wageni kwenye shamba la baba yao.

Wakakubaliana mbele ya wazee. Mwaka huu mmoja. Kwetu maharage hupandwa mara mbili, mvua za kwanza na tena baada ya mwaka mpya. Kama mara zote mbili yangeshindwa, Bigiri angeleta miche.

Mama Bukuru akaja kwa miguu kituoni kwetu, kwenye viwanja vya majaribio. Akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akakaa chini, akamwambia Bi Zuhura, "Nimesikia mna dawa ya udongo uliochoka. Sina pesa, nina shamba. Lichukueni mjaribie."

Bi Zuhura akamwambia, "Mama, siyo dawa. Ni chanjo. Tunaipaka mbegu, siyo udongo."

"Ipakeni hata mimi, alimradi maharage yaote."

Hiyo chanjo ni unga mweusi, kama masizi yaliyolowa. Ndani wamo wale wadudu, lakini wa aina mbili waliochanganywa. Wa kwanza ndio wapangaji wa vinundu. Wa pili ni mpiga debe wao. Nieleweni vizuri hapa maana ndiyo moyo wa habari. Mmea wowote una homoni, yaani ujumbe unaotembea ndani yake. Ndiyo inayouambia mzizi refuka, tawanyika, ota vinyweleo. Mmea unaitengeneza wenyewe. Sasa yule mdudu wa pili naye anaitengeneza, ileile, na kuimwaga karibu na mzizi. Mzizi unadhani umetumwa na mwili wake mwenyewe. Unatoa matawi mengi na vinyweleo vingi, na kwenye vinyweleo ndipo mlango ulipo. Wapangaji wanaingia, vinundu vinakuwa vingi. Nilimuuliza Bi Zuhura, "Yaani anajifanya sauti ya mwenye nyumba?" Akacheka, akasema hajawahi kuisikia hivyo lakini ni hivyo.

Upandaji wa kwanza Bi Zuhura aliitwa Kasulu, mimi na mwenzangu tulikuwa kiwanja kingine. Tulimfundisha Mama Bukuru siku ya kabla yake: mbegu kwenye beseni, maji kidogo ya sukari ili unga ushike, kijiko kimoja cha unga kwa beseni, changanya kivulini, panda palepale, fukia. Kivulini, nilisisitiza, maana sisi watu wa ziwani tukiona kitu kimelowa mkono unakipeleka juani wenyewe, na jua linawaua wale wadudu. Nusu ya shamba mbegu zenye chanjo, nusu bila. Tukaweka vigingi, vyekundu huku na vyeupe kule.

Maharage yakaota. Kufika wakati wa maua tukapanda mlima, mimi na beseni langu kichwani, nimejaa furaha. Tulipofika juu Bi Zuhura alisimama ghafla hata nikamgonga kwa beseni.

Nusu ya vigingi vyeupe, ile isiyo na chanjo, ilikuwa kama miaka yote, ya njano, yenye haya. Nusu ya vyekundu ilikuwa mbaya zaidi. Imedumaa. Imekaa chini kama kuku aliyenyeshewa.

Na Mzee Bigiri alikuwa amesimama palepale na fimbo yake. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Hata dawa imelikataa," akaondoka zake.

Mama Bukuru hakulia. Alikuwa anang'oa magugu kwenye sehemu isiyo na magugu.

Nikachimba. Nilichimba kwa adabu kuliko siku zote, nikaloweka, nikangoja. Mzizi ulipotoka majini sikuwahi kuona wa namna ile. Mfupi, mnene, umejaa nywele kama kidevu cha beberu, na vinundu vya kuhesabika, vyeupe. Nikapasua kimoja. Kimelala.

Bi Zuhura aliushika ule mzizi, akaugeuza, akaugeuza tena. Akauliza kwa upole, "Mama Bukuru, siku ya kupanda, kijiko kilikuwa kimoja?"

"Kimoja," akasema Mama Bukuru. Kisha akaongeza, "Na nyongeza."

"Nyongeza ipi?"

"Nyongeza! Wewe si mtoto wa Ujiji? Nimepewa kitu bure, mbegu yangu niipimie kijiko kimoja kama ninamlisha mtoto wa kambo? Nikaweka konzi. Kisha majirani waliokuja kunisaidia kupanda, kila mmoja akatia lake, kuibariki mbegu. Si ndivyo tunavyofanya? Kilichobaki tukakimalizia chote, kwani kingelala na nani?"

Niliangalia pembeni. Nilikuwa namwona mama yangu Katonga, mkono unarudi kwenye turubai. Na hii ya mtoto.

Bi Zuhura alikaa chini kwenye tuta, na sketi yake safi. Nilidhani atakasirika. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, Mama Bukuru anamtazama kwa hasira, mpaka naye mdomo ukaanza kumcheza. "Mama yangu," akasema Bi Zuhura, "hata mimi nisingewaza kuwaambia msiweke nyongeza. Nimezaliwa ndani ya nyongeza, siioni."

Ndipo akaeleza, na mimi nawaeleza nyinyi kama nilivyoelewa. Ile homoni ikiwa kidogo, ni mtu anayekuita kwa jina lako nje ya mlango. Utaitika, utafungua. Wakija watu soko zima, kila mmoja anapiga kelele jina lako, utafanya nini? Utafunga mlango na kusukumia kitanda. Mzizi ndivyo ulivyofanya. Homoni nyingi mno, ukaacha kurefuka, ukanenepa kwa hofu, ukaota nywele ovyo, na wapangaji wakakaa nje. Kitu kilekile kinachofungua ndicho kinachofunga. Tofauti ni konzi.

"Basi shamba langu halijachoka?" akauliza Mama Bukuru.

"Hatujui bado. Hatujaliuliza vizuri."

Baada ya mwaka mpya tukapanda tena. Safari hii Bi Zuhura hakwenda popote, na majirani walikuja wote, maana habari ilishaenea. Tulikaa kivulini kwenye banda la Mama Bukuru. Bi Zuhura akachota kijiko cha unga, akakipitisha kijiti juu, unga uliozidi ukarudi pakitini. Kijiko kikawa bapa kama sakafu.

Mama Bukuru akageuza uso. "Siwezi kuangalia," akasema. "Ni kama mnapima sumu ya panya."

Jirani mmoja akanong'ona, "Hata chembe?"

"Hata chembe."

"Mkono umekufa ganzi," nikasema, na wale waliowahi kufika Katonga wakacheka.

Kilichokuwa kigumu siyo kuchanganya. Kigumu kilikuwa ni ile mikono. Kila mwanamke aliyepita karibu na beseni, kidole kilikuwa kinanyooka chenyewe. Mwisho Mama Bukuru akapata dawa. Akaenda jikoni, akarudi na sufuria la mihogo ya kuchemsha na samaki wa migebuka, akasema, "Anayetaka kutoa nyongeza, anipakulie huku." Kila mtu akamwongezea mwenzake. Tulikula mpaka tukapata shida kuinama kupanda. Lakini mbegu ziliingia ardhini na kijiko kimoja, bapa.

Wiki zile sikulala vizuri, nasema kweli. Nimeosha mizizi mingi ya viwanja vya serikali na vya wageni, ikikataa tunaandika imekataa, tunakwenda kula. Huu ulikuwa mzizi wa mtu.

Maua yalipotoka, tukapanda mlima. Kabla sijafika juu niliona rangi. Nusu ya vigingi vyekundu ilikuwa kijani kizito, kijani cha kuingiza mkono na kuupoteza. Majani mapana yanagusana. Nilitaka kukimbia, lakini mtu wa kazi hakimbii na beseni.

Na Mzee Bigiri alikuwa ameshafika. Baiskeli yake imeegemea kwenye kichuguu, nyuma amefunga miche ya michikichi, mizuri, amelowesha magunia mizizi isikauke. Mtu makini. Alikuja kwa makubaliano, hakuja kuiba.

"Shikamoo shemeji," Mama Bukuru akamwamkia.

"Marahaba. Nimeleta miche." Akatupa jicho shambani. "Majani nayaona. Majani siyo maharage. Hata gugu lina majani."

Alikuwa na haki. Majani yanaweza kudanganya. Bi Zuhura alinigeukia mimi, akanionyesha mche wa haragwe kwa kidevu. Wakati ule watu wote walikuwa wanaangalia mikono yangu, vijana wangu. Bigiri, mjane, majirani, na mtaalamu mwenye masomo yake. Mikono ya mtu wa darasa la nne.

Nikachimba kuzunguka. Nikainua bonge. Nikaloweka. Kisha sikufanya kitu.

"Anangoja nini?" akauliza Bigiri.

"Anangoja maji," akajibu Mama Bukuru. Alikuwa ameshajifunza.

Udongo ukaachia. Nikainua mzizi, nikausuuza mara ya mwisho, nikauweka kwenye kiganja cha Mzee Bigiri, siyo cha Bi Zuhura. Mrefu, una matawi pande zote, na vinundu vimeshikana kama shanga kiunoni mwa bibi harusi. Nikamwambia, "Sugua kimoja, Mzee." Akasugua, kikabanduka. "Sasa pasua kwa ukucha."

Akapasua. Ukucha wake mnene, wa mtu aliyekamua mawese maisha yake yote. Ndani kilikuwa chekundu-waridi, kimelowa, kimebakiza alama kwenye kidole chake. Akaangalia ile alama. Akanusa. Akachukua kingine bila kuambiwa, akapasua. Kingine. Vyote vina damu.

"Ni haragwe la shamba hilihili?" akauliza.

"La marehemu mdogo wako," Mama Bukuru akasema.

Mzee Bigiri akaurudisha mzizi ndani ya beseni langu, polepole, kwa mikono miwili. Akaenda kwenye baiskeli, akakaza kamba za miche yake. Mama Bukuru alikuwa ameshaingia shambani. Alichuma majani mabichi ya maharage, fungu zima la mboga, akaja mbio akaliweka juu ya magunia. Bigiri akashika usukani. Mama Bukuru akarudi, akachuma konzi nyingine, akaisokomeza juu ya ile ya kwanza.

"Na hii ya watoto, shemeji."

Hakuyatupa. Aliisukuma baiskeli kuteremka mlima, miche inatikisika, majani ya maharage juu yake. Hakurudi tena kwenye shamba lile.